Piga Picha ya Mmea, Si ya Ua Peke Yake
Mwongozo wa kutambua mimea ya maua ya porini kwa simu yako, kuanzia Sekei, Arusha, hadi miteremko ya Mlima Meru

Mtumie mtaalamu wa mimea picha ya ua la njano ukimwuliza jina lake, naye atakurudishia maswali. Majani yake yanatazamana au yanapishana? Shina ni la mviringo au lina pembe nne? Nyuma ya ua kuna nini? Tunda umeliona? Kama picha yako inaonyesha petali tu, huna la kumjibu, na ua lako litabaki kuwa "ua la njano" katika nchi yenye maua ya njano yasiyohesabika.

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote wa Sekei na jirani zake mwenye simu ya kawaida: mwanafunzi, mwalimu, mkulima, au wewe unayeongoza wageni na umechoka kuwajibu "hilo ni ua la porini tu". Hauhitaji kamera ya bei mbaya. Unahitaji subira ya dakika tano kwa kila mmea, na kujua cha kutazama.

Kwa nini ua peke yake halitoshi

Rangi ndiyo inayotuvuta, lakini rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Mmea mmoja wa Lantana camara, ule wa michongoma mingi ya Arusha, unaweza kuwa na maua ya njano, ya chungwa na ya waridi katika kishada kimoja. Kinyume chake, mimea isiyo na undugu wowote inaweza kuvaa rangi moja ili kumwita nyuki yuleyule.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii. Kazi kubwa kuliko zote ya kuorodhesha mimea yetu, iitwayo Flora of Tropical East Africa, ilitolewa kijitabu kwa kijitabu kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, ikafikisha zaidi ya spishi 12,000 za Tanzania, Kenya na Uganda. Walioiandika walitegemea sana mimea iliyokaushwa na kubanwa kwenye karatasi, na mmea uliokauka mara nyingi hupoteza rangi yake. Kwa hiyo maswali ya kutofautisha spishi waliyoyaweka humo yanahusu zaidi mpangilio wa majani, manyoya ya shina, umbo la tunda na idadi ya sehemu za ua. Picha yako ikiweza kujibu maswali hayo, ina thamani hata kama haipendezi. Isipoyajibu, itafaa kuwekwa kwenye kioo cha simu tu.

Sekei ina ugumu wake pia. Iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, chini ya mlima wa mita 4,566, na ndani ya mwendo mfupi unakuta bustani za nyumba, mashamba ya migomba na kahawa, kingo za Mto Themi, kisha msitu juu. Mimea ya asili ya hapa imechanganyika na ile iliyotoroka bustanini na magugu yaliyovuka bahari kutoka Amerika. Mjakaranda unaopaka mitaa zambarau kila Oktoba na Novemba asili yake ni Amerika ya Kusini. Alizeti pori ya kandokando ya barabara, Tithonia diversifolia, ni ya Meksiko. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "huu ni mmea gani", jiulize umeota wenyewe au umepandwa. Kosa la kuchanganya hayo mawili ndilo linalojaza kumbukumbu za mtandaoni takataka.

Kabla ya kutoka nyumbani

Toka asubuhi. Jua la saa sita linaunguza rangi nyeupe na njano kwenye picha hadi petali zionekane kama karatasi, na baadhi ya maua, kama yale ya bluu ya Commelina, hufunga kabla ya mchana kuisha. Msimu mzuri ni wiki zinazofuata mvua za vuli na masika. Hata hivyo usidharau kiangazi: ndipo matunda na mbegu zinapoonekana vizuri, na mimea mingine haitajiki bila hizo.

> Vya kubeba
> ☐ Simu yenye chaji, na huduma ya mahali ikiwa imewashwa kwenye kamera
> ☐ Rula fupi ya shule (sarafu pia itafaa, rula ni bora)
> ☐ Kipande cha karatasi ngumu nyeusi, kwa mfano jalada la daftari, cha kuweka nyuma ya ua
> ☐ Daftari na kalamu
> ☐ Glovu nyepesi
> ☐ Maji ya kunywa na ya kunawa mikono

Picha nane za mmea mmoja

Fuata mpangilio huu kila mara, hata ukiwa na haraka. Ukizoea, mkono unafanya wenyewe.

1. Mmea mzima mahali ulipoota. Rudi nyuma hatua mbili tatu. Picha ionyeshe kama ni mti, kichaka, mtambaa au mmea mdogo wa chini, na kama upo kando ya mto, shambani au kwenye kivuli cha msitu.

2. Jinsi majani yalivyopangwa kwenye shina. Hii ndiyo picha inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Tafuta kifundo, mahali jani linapotokea. Kuna jani moja, mawili yanayotazamana, au matatu na zaidi yanayozunguka?

3. Jani moja, upande wa juu. Lionekane lote: ncha, kingo na kikonyo.

4. Jani hilohilo, upande wa chini. Manyoya, mishipa na vidoadoa hujificha huku.

5. Ua kwa mbele. Hii unaijua.

6. Ua kwa ubavu na kwa nyuma. Hapa ndipo penye vikonyo, vijani vidogo vinavyolikumbatia ua na, kwa baadhi ya mimea, mkia. Chukua Impatiens, maua laini ya kwenye vivuli vyenye unyevu. Ukilipiga kwa mbele unaona petali za waridi tu. Ukilipiga kwa ubavu unaona mkia mwembamba uliopinda nyuma yake, ambamo nekta hukaa, na urefu na mpindo wa mkia huo ni moja ya alama wanazotumia wataalamu kutenganisha spishi. Impatiens walleriana, inayouzwa kwenye vyungu duniani kote, asili yake ni Afrika ya Mashariki.

7. Shina na kifundo kwa karibu. Miiba, manyoya, pembe za shina, vijani vidogo chini ya kikonyo.

8. Tunda au mbegu, hata kama ni bichi. Likiwa halipo, tafuta chini ya mmea, au mmea mwingine wa aina hiyohiyo pembeni. Usipoliona leo, andika urudi.

Katika picha mojawapo ya karibu, weka rula.

Sasa ufundi wa simu. Kamera nyingi za simu hazioni vizuri kitu kilicho karibu mno. Ukisogea sana, ua linakuwa ukungu huku majani ya nyuma yakimeremeta. Rudi nyuma kidogo kisha kuza mara mbili. Gusa ua kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka kamera ilenge hapo. Ua likiwa dogo, weka kiganja au lile jalada jeusi nyuma yake, kamera itaacha kutangatanga. Upepo ukivuma shika shina kwa mkono mwingine. Jua likiwa kali, simama ulikinge kwa mwili wako; kivuli chako ni bora kuliko mwanga wa simu.

Kisha andika yale ambayo picha haiwezi kubeba: harufu ya jani likisuguliwa, rangi ya utomvu, urefu wa mmea, na rangi halisi ya ua. Hilo la mwisho si mzaha. Kamera za simu hukosea sana kati ya bluu na zambarau. Andika pia jina analolitumia mwenye shamba na ni la lugha gani, Kimeru, Kiarusha, Kichaga au Kiswahili, kwa sababu jina la kienyeji linaweza kukupeleka kwenye jibu haraka kuliko programu yoyote. Kitabu cha Useful Trees and Shrubs for Tanzania, kilichotoka mwaka 1994, kina majina mengi ya namna hiyo kando ya yale ya kisayansi.

Jaribu kwanza barabarani: vichwa vinne vidogo

Usianze na mlima. Anza na magugu ya kandokando ya njia, kwa sababu yanapatikana kila siku na yanafundisha. Zoezi ninalolipenda ni la mimea minne yenye vichwa vidogo vya maua meupe au vyenye kitovu cha njano. Mtu akipita kwa pikipiki ataapa kuwa ni mmea mmoja.

*Kishona nguo, Bidens pilosa.* Majani yanatazamana, mara nyingi yamegawanyika vipande vitatu hadi vitano. Petali nyeupe zinaweza kuwa chache au zisiwepo kabisa, ndiyo maana picha ya ua haisaidii. Piga mbegu: ni vijiti vyeusi vyenye meno mawili au matatu nchani. Suruali yako itakuwa imeshakusanya sampuli.

*Galinsoga parviflora.* Linapenda shamba lililolimwa na bustani ya mboga. Majani yanatazamana na hayakugawanyika. Kichwa ni kidogo kama punje, chenye petali tano hivi nyeupe zilizotengana, kila moja ikiwa na meno matatu. Hapa bila rula na picha ya karibu umekwama.

*Tridax procumbens.* Linatambaa chini, lakini kichwa kinasimama peke yake juu ya kikonyo kirefu kama kimeinua shingo. Kitovu njano, petali za krimu zenye meno matatu, mbegu zenye manyoya zinazopeperuka.

*Gugu karoti, Parthenium hysterophorus.* Huyu ndiye wa kumjua kwa lazima. Majani yanapishana na yamechanwachanwa kama ya karoti. Mmea ukiwa mchanga yamelala chini kwa duara. Shina lina mifereji ya kwenda juu. Juu kuna matawi mengi yenye vichwa vyeupe vya milimita chache, na ukikikuza kichwa kimoja unaona pembe tano. Ni gugu vamizi kutoka Amerika ambalo limeenea Arusha. Linaweza kuleta vipele na mzio kwa wanaolishika mara kwa mara, na ng'ombe akilila maziwa huharibika ladha. Lipige picha bila kulishika, au vaa glovu.

Ukiweza kuitenganisha minne hii kwa picha tu, umevuka darasa la kwanza.

Hatua ya pili ni Lantana. Ile ya kigeni, Lantana camara, ina miiba midogo shinani, majani yanayotazamana mawili mawili na matunda meusi yakiiva. Tunayo pia Lantana trifolia: majani yake mara nyingi ni matatu matatu kwenye kifundo, maua ya zambarau, na matunda ya zambarau yaliyojipanga kwenye kishada kirefu. Inayojulikana kwa kuvamia malisho ni ile ya kwanza. Mwenye shamba anayeng'oa zote mbili hajakosea kwa ubaya. Hajatazama kifundo tu.

Na mimea inayopanda uzio? Ua la chungwa lenye koo jeusi ni Thunbergia alata, lakini lipo pia la njano na jeupe, na hapo watu hulichanganya na Ipomoea, ndugu wa viazi vitamu. Tazama majani. Ya Thunbergia yanatazamana, na kikonyo cha jani kina utepe mwembamba pande zote mbili. Chini ya ua kuna vijani viwili vikubwa vinavyolikumbatia. Ya Ipomoea yanapishana, na chipukizi la ua limesokotwa kama mwavuli uliofungwa. Sekunde kumi za kutazama, na jibu halitegemei rangi.

Commelina nayo, lile gugu la maua ya bluu linalowachosha wakulima kwa sababu kila kipande cha shina kilichobaki huchipua, hutambulika kwa kile kijani kilichokunjwa kinachofunika maua. Kwa Commelina benghalensis kingo zake zimeungana na kuwa kama kimfuko, na mdomo wa ala ya jani una nywele za rangi ya kutu. Kwa Commelina diffusa kimekunjwa tu, kingo ziko wazi. Ile ya kwanza ina kioja kingine: hutoa pia maua chini ya ardhi, yanayojichavusha bila kufunguka.

Anza na familia

Ukikutana na mmea usioujua kabisa, usikimbilie jina la spishi. Uweke kwanza kwenye familia. Hizi zitakubeba mbali katika eneo letu:

> Alama za haraka
> Familia ya alizeti (Asteraceae): "ua" moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi. Kishona nguo, alizeti pori, gugu karoti.
> Familia ya maharage (Fabaceae): tunda ni ganda kama la maharage. Marejea (Crotalaria) wa maua ya njano ni mfano mzuri. Ganda lililofura likikauka mbegu hulia ndani.
> Familia ya kivumbasi (Lamiaceae): shina la pembe nne, majani yanayotazamana, mara nyingi yana harufu. Leonotis, wa mafundo ya chungwa yaliyopandana shinani, yumo humu.
> Familia ya nyanya (Solanaceae): ua la petali tano zilizoungana. Mnavu, ndulele, mnanaha.
> Familia ya bamia na pamba (Malvaceae): stameni nyingi zimeungana kuwa bomba katikati ya ua.
> Familia ya viazi vitamu (Convolvulaceae): wengi wanapanda au kutambaa, ua kama tarumbeta.

Ukiishia kwenye familia, au kwenye jenasi, si aibu. Wataalamu wenyewe huandika jenasi kisha "sp." pale alama zinapopungua. Marejea peke yao wana spishi kwa mamia, na bila ganda huwezi kwenda mbali. Jina pungufu lililo sahihi ni bora kuliko jina kamili la kubahatisha.

Programu za simu: tumia, usizisujudie

Zinazotumika zaidi ni iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 huko Marekani, na Pl@ntNet ya taasisi za utafiti za Ufaransa. Zote ni za bure. Zinajifunza kutokana na mamilioni ya picha, lakini sehemu kubwa ya picha hizo ni za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ndiyo maana mmea wa Meru unaweza kupewa jina la binamu yake wa Ulaya ambaye hajawahi kukanyaga Afrika. Programu inasema kile ilichokizoea.

Hatua:

1. Piga picha zako zote shambani bila kufungua programu. Zipakie jioni ukiwa na intaneti. Utaokoa bando na chaji.
2. Weka picha zote za mmea mmoja kwenye rekodi moja. Mimea miwili, rekodi mbili.
3. Hakikisha tarehe na mahali vimo. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupungua ubora na kupoteza taarifa za mahali. Ikiwa unatumiwa na mwenzako, mwombe aitume kama faili.
4. Kwenye Pl@ntNet chagua mimea ya Afrika ya kitropiki, kisha ieleze programu kama picha ni ya ua, jani, tunda au gome.
5. Soma mapendekezo matatu au manne ya kwanza, si la juu tu. Asilimia unayoiona inakuambia picha yako inafanana kiasi gani na picha ilizonazo. Haikuambii kuwa jibu ni kweli.
6. Kwenye iNaturalist, kama mmea umepandwa, weka alama hiyo. Kisha chagua jina unaloweza kulitetea, hata kama ni la familia.
7. Subiri watu. Rekodi hupanda daraja la kufaa utafiti pale watambuaji wasiopungua wawili, na zaidi ya theluthi mbili yao, wanapokubaliana kwenye spishi.

Kabla ya kulikubali jina lolote, lipitishe kwenye maswali haya:

☐ Spishi hii imewahi kurekodiwa Tanzania au kaskazini mwa nchi? Orodha ya mtandaoni ya bustani ya Kew iitwayo Plants of the World Online inaonyesha nchi za asili za kila spishi.
☐ Inaota kwenye mwinuko na mazingira kama haya?
☐ Mpangilio wa majani kwenye maelezo unalingana na picha yako ya pili?
☐ Tunda linalingana?
☐ Ipo spishi inayofanana nayo, na nimeiondoa kwa alama gani?
☐ Jina hili bado linatumika? Majina hubadilika: ndulele ambayo vitabu vingi vya zamani vya kwetu vinaiita Solanum incanum, sasa huandikwa Solanum campylacanthum.

Ukitaka kitabu cha mkononi, kile cha Andrew Agnew cha maua ya nyanda za juu za Kenya kinatufaa sana huku Meru, maana mimea haikujua mpaka wa Namanga.

Tahadhari: hapa soma mara mbili

Usile wala usitumie dawa kwa kutegemea picha. Si kwa asilimia 60, si kwa 99. Mnanaha, Datura stramonium, wa tarumbeta nyeupe na tunda la miiba, huota kwenye majalala na kandokando ya mboga, na ni sumu kuanzia jani hadi mbegu. Ukiwa mchanga unaweza kuchumwa pamoja na mnavu. Gloriosa superba, ua zuri la nyekundu na njano ambalo ncha za majani yake hujisokota kushika matawi, lina kiazi chini ya ardhi kinachoua. Mtu akila mmea asioujua, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea wenyewe na picha zake. Usipoteze muda kusubiri jibu la mtandaoni.

Utomvu mweupe usifike machoni. Mnyaa na ndugu zake wa jenasi ya Euphorbia huunguza. Nawa mikono kabla ya kugusa uso.

Omba ruhusa. Uzio ni wa mtu. "Hodi, shikamoo bibi, naomba nipige picha ua lililoota hapa kwenye michongoma yako" inachukua muda mfupi, na mara nyingi utaondoka na jina la mmea na matumizi yake juu. Usielekeze kamera kwenye ofisi za serikali, vituo vya ulinzi wala nyumba za watu. Piga ukiwa umeinamisha simu kwenye mmea. Na simu usiicheze barabarani huku bodaboda zikikupita kwa nyuma.

Msituni usiende peke yako. Msitu wa Meru una nyati na tembo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha matembezi ya miguu huenda na askari mwenye silaha, na kuchuma mimea hakuruhusiwi. Kwenye msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, uliza kwanza utaratibu.

Usitangaze mahali pa okidi. Kule Nyanda za Juu Kusini viazi vya okidi huchimbwa kwa wingi na kuvushwa Zambia kwa chakula, hata baada ya Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukikuta okidi mtini, ficha eneo kamili. iNaturalist ina chaguo la kulitia ukungu. Okidi zote zimo pia kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunahitaji kibali.

Makosa ninayoyaona kila mara

Ua lililookotwa chini, lisilojulikana limetoka mti gani. Maua matano tofauti kwenye kiganja kimoja, picha moja. Jani la mmea mmoja na ua la mwingine, kwa kuwa vimesokotana. Fuata shina kwa kidole mpaka uhakikishe. Kuchuma mmea pekee uliopo ili upate picha nzuri. Na lile la waongozaji wengi: kumpa mgeni jina kwa sauti ya uhakika kwa sababu aliuliza. Mwambie familia, mwonyeshe alama, mwahidi jina jioni. Atakuheshimu zaidi.

Ukikwama kabisa

Mtu wa Arusha ana bahati ambayo wa mikoa mingi hana. Hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa iko Ngaramtoni, ndani ya iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ambayo sasa ni sehemu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Daladala ya Ngaramtoni inakufikisha eneo hilo. Uliza kwanza utaratibu wa kuonana na wataalamu, kisha nenda na picha zako nane na maelezo yako ya daftarini, si na swali la "hili ni ua gani" kwenye simu yenye picha moja. Kwa gugu la kawaida la shambani kwako unaweza pia kubeba tawi lenye majani, ua na tunda, lililobanwa kati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku mpaka likauke.

Na ukikuta gugu karoti mahali ambapo halikuwapo, shambani au kando ya njia ya maji, usiishie kulipakia mtandaoni. Mpelekee afisa ugani wa kata picha zenye tarehe na mahali mapema, kabla halijatoa mbegu, kwa maana mmea mmoja hutoa mbegu kwa maelfu.